Gitaa Linalosema "Ugua Pole"

Katika kikao kimoja cha chama, mwanafunzi mwenzetu alisimama kuwasilisha uhakiki wa albamu ya muziki isiyo na neno hata moja lililoimbwa. Hakuwa amefika ukurasa wa tatu wa makala yake mkono ulipoinuliwa kutoka safu ya nyuma. Swali liliulizwa kwa adabu, lakini lilikuwa la kufunga mlango: dhamira ya kazi hii ni ipi, nayo imejengwa kwa lugha gani? Watu walicheka. Mwenzetu alibabaika, akataja amani, akataja utulivu, akataja mazingira, kisha akaketi. Mwenyekiti alimshukuru na kumwita mwasilishaji aliyefuata, ambaye alizungumzia taswira ya mwanamke katika riwaya, na sote tukashusha pumzi kama watu waliorudi nyumbani salama.

Nami nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Tangu siku hiyo nimeisikiliza albamu ile mara nyingi, na nimefikia maoni mawili ambayo huenda yakaonekana kukinzana. La kwanza ni kwamba albamu yenyewe ina kasoro, tena si chache. Ina vipande ambavyo mtunzi angaliviacha sandukuni asingalilaumiwa na mtu. La pili ni kwamba ni kazi nzuri, ya kurudiwa na kurudiwa, na inaweza kuhakikiwa kwa Kiswahili bila kuomba msamaha wala kukopa msamiati wa watu. Makala haya ni jaribio la kumlipia mwenzetu deni la kicheko kile.

Albamu hiyo inaitwa Colma. Ilitolewa mwaka 1998 na mpiga gitaa Mmarekani ajulikanaye kwa jina la Buckethead, ambalo tukilifasiri kwa haraka tutapata Kichwa-Ndoo. Jina lake la kuzaliwa ni Brian Patrick Carroll, naye alizaliwa California mwaka 1969. Msomaji ambaye hajawahi kumwona atastahimili maelezo mafupi, maana bila hayo hatatambua kwa nini albamu hii iliwashangaza wengi. Bwana huyu hupanda jukwaani akiwa amevaa kinyago cheupe kisicho na furaha wala huzuni, na kichwani amejivika ndoo ya karatasi, ile ya kutilia kuku wa kukaanga. Haongei. Akitaka kuwasalimu watazamaji wake huwagawia vitu vya watoto kuchezea, au hucheza kwa mikogo ya roboti, au huzungusha rungu mbili zilizounganishwa kwa mnyororo kama wafanyavyo katika filamu za kareti. Kisha hulishika gitaa, na vidole vyake hukimbia kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata.

Muziki aliojulikana nao hapo awali ni wa metali, lile tawi la roki lenye sauti za kukwaruza, ngoma za kishindo na mbio za nyuzi, ingawa yeye hakuwahi kutosheka na metali tupu. Mwaka 1992 alikuwamo katika kikundi cha Praxis pamoja na Bill Laswell, Bootsy Collins na Bernie Worrell, kikundi kilichochanganya metali, fanki na makelele ya kila namna katika chungu kimoja. Mwaka huohuo alitoa albamu yake mwenyewe iliyowazia bustani ya burudani, kama zile za California alikokulia, ila yake ilijaa roboti na vitisho. Kati ya mwaka 2000 na 2004 alikuwa mpiga gitaa wa Guns N' Roses, na albamu ya kikundi hicho ilipotoka hatimaye mwaka 2008, gitaa lake lilisikika humo. Ametoa kazi nyingi kupindukia. Katika mwaka 2015 pekee alitoa albamu fupifupi zaidi ya 100. Mtu wa aina hii hawezi kuwa fundi wa kupiga msasa. Ni mto uliofurika, hubeba samaki na magogo kwa pamoja, na anayetaka samaki sharti aingie majini.

Kwa hiyo wapenzi wake walipoifungua Colma mwaka ule wa 1998 wakitarajia tufani, walikuta gitaa lililoshushiwa sauti, likizungumza kwa utaratibu, mara nyingi bila mkwaruzo wowote. Sababu ilijulikana. Mama yake alikuwa akiugua saratani ya utumbo mpana, na mwana alitaka kumtengenezea kitu cha kusikiliza wakati wa kuutafuta unafuu. Kipande cha pili kina jina lisilohitaji ufafanuzi, "For Mom", yaani kwa mama.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotupa neno ambalo sijui lugha nyingine ingelipataje. Tunapomjulia hali mgonjwa tunamwambia "ugua pole". Mwanafunzi wa semantiki ataniambia kuwa pole ni neno moja lenye matawi: ni salamu ya kumliwaza aliyefikwa, ni sifa ya mtu asiye na makeke, na likirudufishwa huwa mwendo usio wa haraka. Pole, mpole, polepole. Sina hakika kama mzawa wa lugha hii huzitenganisha maana hizo kichwani mwake. Anayeingia chumbani kwa mgonjwa huleta zote tatu kwa mkupuo. Hukanyaga taratibu, huketi pembeni, husema machache, na mara nyingi hasemi kitu baada ya salamu. Kuwapo kwake ndiko kunakozungumza. Ukisikiliza "For Mom" ukiwa na neno hilo akilini, utaona kuwa maswali ya dhamira na lugha yamekwisha kujibiwa, na kwamba jibu limekaa katika mwendo. Gitaa moja linafumua nyuzi kwa utaratibu usiobadilika, kama pumzi za mtu aliyelala. Juu yake sauti nyingine inapita na kiimbo kifupi, inanyamaza, inasubiri, kisha inakirudia kiimbo kilekile kikiwa kimeinuliwa kidogo. Vidole vilivyozoea kupiga noti nyingi ndani ya pumzi moja vinapiga moja na kuiacha ife yenyewe. Anayejua uwezo wa mpigaji huyu husikia pia noti ambazo hakuzipiga.

Nalikazia jambo hili kwa kuwa ndilo kiini cha hoja yangu. Kujizuia ni mbinu, na mbinu hii wahakiki wetu wanaifahamu vyema wanapoikuta katika ushairi. Mshairi anayeweza kuandika beti mia moja akaandika tano humlazimu msomaji kuuliza tisini na tano zimekwenda wapi. Wahenga walisema ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Buckethead ameipiga ngoma yake hadi ukingoni mwa kupasuka katika albamu nyingine nyingi, na kwa mama yake akailegeza. Kwa kuwa twajua angeweza kupiga kwa nguvu, ulegevu huo una uzito. Angekuwa mpigaji wa kawaida wa muziki wa mahotelini, noti hizohizo zingetusinzisha.

Jina la albamu nalo lina lake. Colma ni mji mdogo ulio kusini mwa San Francisco. Mwaka 1900 wakuu wa San Francisco walipiga marufuku mazishi mapya ndani ya jiji lao, na mwaka 1914 wakaamuru makaburi yaliyokuwapo yaondolewe, kwa maana ardhi ilikuwa imepanda thamani kuliko walio ndani yake. Maiti kwa makumi ya maelfu zilifukuliwa, zikapelekwa Colma. Hadi leo mji huo una wakazi wapatao 1,500 juu ya ardhi, na takriban milioni moja na nusu chini yake. Wenyeji wana mzaha wao kwamba ni jambo jema kuwa hai Colma. Huko ndiko alikozikwa Levi Strauss, yule ambaye jina lake liko kiunoni mwa nusu ya wanafunzi wa chuo chochote. Kipande cha nne cha albamu, "Hills of Eternity", kimepewa jina la mojawapo ya makaburi hayo ya Colma, lile linalohifadhi majivu ya Wyatt Earp, askari maarufu wa magharibi ya kale ya Marekani.

Sasa, mwana gani humletea mama mgonjwa zawadi yenye jina la mji wa makaburi? Kwetu jambo hili ni mwiko. Anayemjulia hali mgonjwa hataji kaburi. Hutaja mvua, watoto, bei ya sukari. Nilipoambiwa mara ya kwanza Colma ni nini, niliona ni utovu wa adabu, au mzaha wa mtu aliyezoea kujificha nyuma ya kinyago. Nimebadili mawazo, ingawa si kabisa. Naona sasa kwamba hofu imewekwa jaladani ili isihitaji kutajwa ndani. Kila mwenye mgonjwa nyumbani anaijua hofu hiyo, nayo hukaa mlangoni hata kama hakuna anayeikaribisha. Mtunzi ameiita kwa jina mara moja, hadharani, kisha akaingia chumbani kupiga gitaa. Msomaji ana haki ya kutokubaliana nami hapa. Nami siku nyingine hutokubaliana na nafsi yangu.

Turudi kwenye lile swali la lugha. Ugumu wetu wa kwanza ni wa istilahi: hata jina la kitu chenyewe hatuna hakika nalo. Wimbo umetokana na kuimba. Ikiwa hakuna aliyeimba, tuna wimbo? Wengi tunasema tu "nyimbo za Buckethead" bila kujali, nami sina ugomvi na matumizi ya watu, ila katika makala haya nimechagua kipande. Lakini Kiswahili kinachotunyima jina kinatupa kitenzi. Kwetu ala hulia. Ngoma hulia, zumari hulia, kengele hulia, na gitaa halikuachwa nyuma. Lugha yetu haikuona haja ya kitenzi kimoja cha kulia kwa ala na kingine cha kulia kwa mtu aliyefiwa. Anayeuliza gitaa lisilo na maneno linasema nini ameruka hatua. Sharti aulize kwanza linaliaje.

Wapo watakaosema kuwa huu ni ugeni, na kwamba sanaa ya Waswahili daima imekuwa sanaa ya neno. Ni kweli kwamba neno ndilo limepewa kiti cha heshima. Hata hivyo, anayeijua taarabu ya Unguja anajua kuwa onyesho hufunguliwa kwa bashraf, kipande cha ala tupu, udi na kanuni na fidla zikizungumza zenyewe kabla mwimbaji hajasimama. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na tangu enzi hizo wasikilizaji wameketi wakaisikiliza bashraf hadi mwisho bila mtu kuinua mkono kuuliza dhamira. Masikio ya kusikiliza ala tunayo, na yana umri mrefu. Kilichokosekana ni uhakiki wa kuyasindikiza. Tumeurithi utaratibu wa kuchambua maudhui upande huu na fani upande ule, na kwa kuwa mtihani hutoa alama nyingi zaidi kwa maudhui, fani imekuwa kama mtumishi anayebisha mlango, akakabidhi barua na kuondoka. Mbele ya kazi ambayo mtumishi ndiye mwenye nyumba, tunabaki tumeduwaa.

Pingamizi zito zaidi kuliko hilo nilipewa na rafiki mmoja tunayeishi naye bwenini. Aliniambia: "Wewe unasikia ugonjwa kwa sababu umeambiwa kuna mgonjwa. Ungeambiwa mtunzi amepata mtoto, ungesikia mtoto." Ni hoja yenye meno, na sidhani inaweza kung'olewa yote. Albamu hii haina maneno ndani, lakini ina maneno mgongoni: vichwa 13 vya vipande 13, na habari za mama zilizosambaa pamoja nayo. Vichwa hivyo hufanya kazi kubwa. Kile cha 11, "Watching the Boats with My Dad", kinasimulia hadithi nzima kwa jina lake tu: mtoto na baba wameketi wakitazama mashua. Ondoa jina, na kipande kitapoteza mashua, kitampoteza na baba. Nakiri. Ila kuna kitu hakitapotea. Nilimchezea rafiki huyohuyo kipande hicho kabla hajakijua jina, nikamuuliza anaona nini. Akasema haoni kitu, ila anahisi kama yuko mahali pamoja na mtu ambaye hana haja ya kuzungumza naye. Nikamwonyesha jina. Akakaa kimya, kisha akabadili mazungumzo, kama kawaida yake anaposhindwa.

Sasa niseme palipo pabovu, kwa kuwa uhakiki wa kusifu tu ni maradhi mengine ya majarida kama haya yetu.

Kasoro ya kwanza ni ngoma. Mpigaji wa ngoma, ajulikanaye kwa jina la Brain, ni fundi, na alikuwa mwenzake wa tangu Praxis. Lakini midundo mingi ya Colma imefuata mtindo wa hip-hop wa miaka ya 1990: kipimo kifupi kinachozunguka na kuzunguka bila kukua. Takriri ni mali ikiwa kila marudio yanaongeza kitu. Kibwagizo kizuri kinaporudi mara ya nne hakina maana ileile kiliyokuwa nayo mara ya kwanza, kwa sababu beti zilizotangulia zimekibebesha mzigo. Katika "Ghost" mdundo haubebeshwi chochote. Gitaa linasafiri, ngoma imebaki kituoni. Tena midundo hiyo imechakaa upesi kuliko vitu vingine vyote humu. Magitaa yangeweza kurekodiwa jana, lakini ngoma zinakuambia mwaka. Kisha, kana kwamba hatukushiba, "Ghost" inarudi karibu na mwisho katika sehemu ya pili. Nimejaribu kuitetea kama mkufu unaounganisha mwanzo na mwisho. Sikufaulu.

Kasoro ya pili iko katikati kuelekea mwisho. "Lone Sal Bug", "Sanctum" na "Wondering" vinafuatana vikiwa vya nane, tisa na kumi, na hapo albamu inalegea vibaya. Wataalamu wa arudhi wana neno litakalotufaa: utoshelezi. Ubeti sharti ujitosheleze, utoe wazo na ulifunge, hata kama shairi linaendelea. Vipande hivi vitatu havijitoshelezi. Ni michoro, hali nzuri za moyo ambazo hazikupewa umbo. Kimoja kinaanza kuleta giza lenye kuvutia, kisha kinajisahau, kingine kinaisha pale msikilizaji anapoanza kutega sikio. Mtu anayetoa albamu kama mti unavyopukutisha majani hana desturi ya kurudi nyuma na kuuliza jani lipi libaki.

Wengi watashangaa kwamba katika orodha yangu ya lawama sikutaja "Machete". Hicho ndicho kipande cha sita, na ndicho wasikilizaji niliozungumza nao hukilaumu zaidi. Baada ya vipande vitano vya upole, mkwaruzo unarudi, gitaa linakumbuka metali, na vidole vinaachiwa kamba. Jina lenyewe ni panga. Wanauliza: panga la nini chumbani mwa mgonjwa? Nami nawajibu kwa yale niliyoyaona mwenyewe nikiwa mlezi wa mgonjwa nyumbani kwa miezi kadhaa. Wageni wapole walikuja kwa wingi, tukawashukuru. Lakini mgonjwa wetu alichangamka siku alipokuja jamaa mmoja wa ukoo mwenye sauti ya juu, asiyejua kunong'ona, aliyeingia na vumbi la safari na kusimulia ugomvi wa kituo cha matatu kwa vitendo. Sote tulikunja nyuso. Mgonjwa alicheka mpaka akaomba maji. Upole ukizidi humkumbusha mgonjwa kila dakika kuwa yeye ni mgonjwa. "Machete" inamkumbusha mama kuwa mwanawe bado ni yuleyule mwendawazimu mwenye ndoo kichwani. Isingekuwapo, Colma ingekuwa albamu iliyo sawa zaidi na ya kuchosha zaidi.

Kwa hiyo ninapotumia neno kutolingana, sitaki lieleweke kama hukumu ya namna moja. "Machete" hailingani na jirani zake, na kutolingana huko kuna kazi. "Sanctum" inalingana kabisa na jirani zake, na ndiyo maana haikumbukwi. Tumefundishwa urari wa vina na mizani, fundisho zuri ambalo siliachi. Lakini tumeuhamisha urari huo bila kufikiri hadi katika kuhukumu vitabu vizima, tukawa tunaitaka diwani iwe na mashairi 40 yenye ubora mmoja. Diwani kama hiyo sijapata kuisoma. Hata katika mapokeo yenyewe tuna karaguni, ambamo vina hubadilika kutoka ubeti hadi ubeti, na hakuna aliyeliita shairi la karaguni kosa.

Nimeacha kipande ninachokipenda kuliko vyote, na sitakieleza kwa urefu kwa sababu chenyewe si kirefu. "Big Sur Moon" ni cha tano. Big Sur ni pwani ya California yenye majabali yanayoingia baharini, nacho kichwa kinataja mwezi wa huko. Gitaa linapigwa kwa kasi, ile kasi yake ya zamani, lakini bila mkwaruzo, na mwangwi umetegwa nyuma yake ili kila noti irudi ikiwa nusu ya nguvu na kuingiliana na ile inayofuata. Matokeo yake ni kwamba huwezi kujua ni ipi iliyopigwa na ipi iliyorudi. Mbio na utulivu vimekaa pamoja bila kimoja kukitoa kingine. Kinaisha kabla hujamaliza kustaajabu, na mara moja "Machete" inaingia. Mpangilio huo wa tano na sita ni wa mtu aliyejua alichokifanya, ndiyo sababu mpangilio wa nane, tisa na kumi unaniudhi zaidi.

Kipande cha mwisho ndicho chenye jina la albamu. Nilipofika hapo mara ya kwanza, baada ya kuambiwa habari za mji wa makaburi, nilijiandaa kwa maombolezo. Hayakuja. Ni gitaa tulivu tena, karibu na lile la "For Mom" kwa hali, bila ngoma ya kulisukuma, na halijengi kilele chochote. Linafika mahali na kuacha, kama mgeni anayeinuka bila kuaga kwa sauti kwa sababu mgonjwa amepata usingizi.

Ninapoicheza albamu hii sasa, huanzia kipande cha pili, huvumilia cha tatu, sikiruki kamwe cha tano wala cha sita, na kuanzia cha nane hadi cha kumi huenda kuchemsha chai. Hurudi na kikombe changu wakati mashua zinapoanza. Mwenzetu aliyeketi siku ile bado anayo makala yake. Nimeyaona juu ya rafu chumbani kwake, yamekunjwa. Nimemwomba mwenyekiti ampe nafasi katika kikao kijacho, na nimeomba aruhusiwe kuanzia ukurasa wa tatu.